Majani ya Malisho na Jinsi ya Kuyatambua

Mtu akisimama juu ya kilima huko Ankole, Uganda, baada ya mvua kunyesha, huona nchi yote ya kijani, naye husema moyoni, "Ng'ombe wa hapa wameshiba." Yafaa ashuke kwanza. Kilima cha kijani chaweza kuwa kilima cha njaa, maana si kila jani linaloota huliwa, na ng'ombe hulijua jambo hili kuliko wengi wetu tuliokaa darasani. Basi leo tujifunze kuyajua majani ya porini moja moja, tusiyaite yote "majani tu".

Kwanza hakikisha kwamba ulichoshika ni nyasi kweli. Shina la nyasi ni la mviringo, lina vifundo kama mwanzi, na majani yake hupangwa safu mbili, huku na huku. Ndago hufanana na nyasi, lakini vingirisha shina lake katikati ya vidole: utasikia pembe tatu, na majani yake ni safu tatu. Kisha vuta jani polepole mpaka pale linapoachana na shina. Hapo pana kiulimi chembamba kama karatasi, au mstari wa vinyweleo. Wengi hukipita bila kukiona, nacho chasaidia sana wakati masuke hayajatoka. Masuke yakisha kutoka, kazi ni nyepesi.

Na tulianze lile lenye matata. Wanyankole huliita omutete, na wataalamu Cymbopogon nardus. Huota kwa vichaka vilivyosongamana, nalo laweza kupita kimo cha mtu. Ni ndugu wa mchaichai tunaoutia katika chai, na hiyo ndiyo njia rahisi ya kulitambua: lisugue jani mikononi, unuse. Ukipata harufu ya limau, umelipata. Mafuta hayo yanukiayo ndiyo yanayowachukiza ng'ombe. Hulila likiwa changa tu, hasa linapochipua baada ya moto; likikomaa hulipita.

Fikirini hesabu yake. Kila siku kundi hula majani mazuri mpaka chini, na omutete huachwa litoe mbegu. Mwaka baada ya mwaka zuri hupungua na baya huongezeka, wala mwenye mali haoni, kwa sababu kilima bado ni cha kijani. Kulifyeka hakutoshi, maana huchipua tena. Hapana budi ling'olewe pamoja na mizizi, kazi ya jembe na jasho. Hata hivyo tusilionee. Kwa kuezekea nyumba ni jani jema.

Jani zuri linalofukuzwa hivyo mara nyingi ni Themeda triandra. Likikomaa hugeuka rangi nyekundu kama shaba, na masuke yake huinama mafungu mafungu, yenye nywele ndefu nyeusi zilizopinda kama goti. Sugua jani lake: halinuki limau. Ng'ombe hulipenda likiwa bado laini, lakini halistahimili kuliwa mfululizo bila kupumzishwa. Mfugaji akiona linatoweka, na ahesabu ng'ombe wake kabla ya kuilaumu mvua. Palipokanyagwa sana, kando ya zizi na njia za ng'ombe, badala yake utakuta Sporobolus pyramidalis, lenye suke refu jembamba na jani gumu la kukatika.

Yako pia majani yenye masuke kama vidole. Vidole vya ukoka hutoka mahali pamoja, kwa kawaida 3 mpaka 6. Vya sangari, ambalo Waganda huliita lumbugu, havitoki mahali pamoja bali hupandana kidogo kwenye shina. Mkulima huyalaani yote mawili; mfugaji huyashukuru. Chloris gayana lina vidole vingi, pengine zaidi ya 10, na hutambaa juu ya ardhi. Kivulini mwa miti tafuta Panicum maximum, ambalo matawi ya chini ya suke lake hutoka pamoja kama vijiti vya mwavuli. Mabingobingo hayahitaji mwalimu.

Ila mtama mwitu lazima ujulikane kabla ya kundi kufunguliwa. Jani lake ni pana kama la mtama wa shambani. Likinyauka kwa jua kali, au likichipua upya baada ya ukame, laweza kuwa na sumu ya sianidi, na ng'ombe mwenye njaa akiingia humo aweza kufa kwa muda mfupi sana.

Nimeliacha moja la mwisho kwa makusudi. Mwaka 1930 mbegu za Brachiaria decumbens zilipelekwa Australia kutoka Idara ya Kilimo ya Uganda, na baadaye jani hilo likapandwa Brazil kwa mamilioni ya hekta. Kwao ni huku kwetu, nasi twalikanyaga. Lina jani fupi lenye vinyweleo, na suke la matawi machache. Mbegu zimepangwa safu mbili, upande mmoja tu wa tawi. Mnaokwenda likizo, litafuteni. Mkilipata, likausheni kati ya kurasa za gazeti kuukuu, mwandike mahali mlipolichuma na tarehe, mlete shuleni likiwa na mizizi yake.