Paka Mwoga Naye Ahitaji Mpango wa Likizo

Desemba inapokaribia, familia nyingi za Mombasa hufunga safari kwenda mashambani au kutembelea jamaa. Kuku huachiwa jirani na mbuzi hupata mchungaji. Anayesahaulika ni paka wa ndani, hasa yule mwoga ambaye hata wageni wa nyumba hawajui kama yupo. Sahani iliyojazwa chakula na mlango uliofungwa si mpango wa utunzaji. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inamkataza mwenye mnyama kumtesa kwa kumnyima chakula au maji, na safari si udhuru.

Kwa nini abaki nyumbani

Paka hutegemea harufu na mazoea ya mahali anapoishi. Paka mwoga akihamishiwa kwa jirani ghafla anaweza kukataa chakula au kuchomoka mlango unapofunguliwa. Akishatoroka, mara nyingi hujibana karibu na nyumba bila kulia, hata anapoitwa na mwenyewe. Kwa hivyo, ikiwa ni mtu mzima na ana afya, ni heri abaki kwake na mtunzaji amfuate hapo. Paka mchanga au anayemeza dawa kila siku ahitaji mtu wa kulala nyumbani humo, au nafasi kwa daktari wa mifugo.

Wiki mbili kabla ya safari

Mtunzaji awe mtu mzima, mwaminifu na anayeishi karibu. Aje mara mbili au tatu wakati familia ingalipo. Aketi sakafuni, asimkazie paka macho wala kumfukuza chini ya kitanda, bali amwekee kipande cha samaki na kumwacha asogee kwa hiari yake. Siku moja, mwenye nyumba atoke na kumwacha mtunzaji alishe peke yake. Hilo ndilo jaribio la kweli.

Malipo yakubaliwe mapema, pamoja na akiba ya matibabu itakayotumwa kwa M-Pesa iwapo itahitajika. Bawabu wa ploti ajulishwe jina la mtunzaji ili asizuiliwe langoni. Vilevile, chanjo ya kichaa cha mbwa ikaguliwe, kwa kuwa ugonjwa huo humpata paka pia.

Kuandaa nyumba

Nyavu za madirisha zikaguliwe, lakini hewa iendelee kupita, maana msimu wa kaskazi una joto kali. Nyuma ya friji na mashimo ya kochi yazibwe baada ya kuhakikisha paka hayumo. Badala yake awekewe maficho mawili yanayofikika, kwa mfano boksi la katoni na nafasi chini ya kitanda.

Chakula kiwe kile kile alichokizoea. Bakuli za maji ziwe mbili, na jerikeni lililojaa liachwe jikoni kwani mifereji huweza kukauka. Dawa ya mende isipulizwe siku ya kuondoka. Baadhi ya dawa hizo, hasa zenye pamethrini, ni sumu kwa paka.

Kumwona kwa macho

Hapa ndipo mipango mingi huharibika. Mtunzaji hukuta sahani tupu na kuripoti kwamba mambo ni shwari, kumbe chakula kililiwa na panya au siafu. Kwa paka mwoga, kujificha ni tabia ya kila siku na pia ni dalili ya ugonjwa. Kuyatofautisha hayo mawili kwahitaji kumwona.

Mtunzaji afike angalau mara moja kwa siku, na ikiwezekana asubuhi na jioni. Apime chakula, abadilishe maji, asafishe sanduku la choo na kuangalia kama kuna mkojo na kinyesi kipya. Kisha amtafute paka kwa tochi bila kumvuta, na amtumie mwenyewe picha ya siku hiyo.

Dalili zisizosubiri

Paka asipokula kwa siku nzima, mwenyewe apigiwe simu. Akikaa siku mbili au zaidi bila kula, hasa aliye mnene, mafuta huweza kurundikana kwenye ini na kumuua. Paka dume anayeingia chooni mara kwa mara na kujikamua bila kutoa mkojo huenda njia imeziba. Huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Anayehema kwa mdomo wazi naye asingojee kesho. Asipewe panado: hata kidonge kimoja chaweza kumuua.

Namba ya daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya ibandikwe mlangoni, na kikapu cha kumbebea kiwe wazi karibu.

Mtunzaji akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua, ilhali chanjo inayotolewa mapema huokoa.

Maswali ya kujipima kabla ya kufunga mlango

1. Je, mtunzaji ameshamlisha paka huyu akiwa peke yake?
2. Je, anajua maficho yake yote?
3. Je, ana namba ya daktari, na ruhusa ya kumpeleka bila kungoja idhini?
4. Je, kuna mtu wa pili mwenye ufunguo, iwapo wa kwanza ataugua?

Jibu likiwa "la" kwa swali lolote, maandalizi hayajakamilika. Wakazi wanaotaka ushauri zaidi au chanjo wafike katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo yao mapema, kabla ya pilkapilka za sikukuu.