Vinasaba Si Siri ya Mtu Mmoja: Somo Kuhusu Vipimo vya DNA vya Kununua Mtandaoni



Leo mtu anayeishi Marekani au Uingereza anaweza kununua kipimo cha DNA mtandaoni kwa takriban dola 100. Anatema mate kwenye kichupa, anakituma kwa posta, na baada ya wiki kadhaa anapewa taarifa za asili ya ukoo wake, majina ya watu wenye undugu naye, na uwezekano wa kupata magonjwa fulani. Wengi wetu tuna ndugu huko. Kwa kuwa mtoto hupata nusu ya vinasaba vyake kwa baba na nusu kwa mama, akipimwa yeye, kwa sehemu tumepimwa na sisi. Je, Mkristo alitazameje jambo hili?

1. Kipimo kinasema nini, na hakisemi nini

Kipimo cha namna hii hakisomi vinasaba vyote. Huchagua sehemu chache na kuzilinganisha na za watu wengine. Mfano ni kampuni ya Marekani iitwayo 23andMe. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, iliiamuru iache kuuza taarifa za afya kwa sababu usahihi wake ulikuwa haujathibitishwa. Mwaka 2018 iliruhusiwa kupima mabadiliko matatu ya vinasaba vya BRCA, ambavyo huhusiana na saratani ya matiti. Lakini mabadiliko yanayojulikana ya vinasaba hivyo ni zaidi ya elfu moja, na hayo matatu hupatikana hasa kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki. Mama wa Kiafrika anayepata jibu la "hakuna" asidhani yuko salama. Jibu la hospitali hutolewa pamoja na maelezo ya daktari. Jibu la mtandaoni humkuta mtu peke yake na simu yake.

2. Hatari ya siri kuvuja

Mwaka 2023 wadukuzi waliingia katika akaunti zipatazo 14,000 za kampuni hiyo, wakitumia nywila zilizokuwa zimeibwa kwingine. Kwa kuwa wateja walikuwa wameunganishwa na ndugu zao ndani ya mfumo, taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zilichukuliwa. Orodha za watu wenye asili ya Kiyahudi na ya Kichina zilitangazwa kuuzwa. Machi 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, ikiwa na taarifa za wateja zaidi ya milioni 15. Watu wakajiuliza: mate yangu sasa ni mali ya nani? Hatimaye mahakama iliruhusu iuzwe kwa dola milioni 305 kwa taasisi isiyo ya faida inayoongozwa na Anne Wojcicki, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo. Nywila ikiibwa, unaibadilisha. Vinasaba vikichukuliwa, huna vingine.

3. Sheria zinasemaje

Marekani ina sheria ya mwaka 2008, iitwayo GINA, inayokataza waajiri na bima za afya kumbagua mtu kwa sababu ya vinasaba vyake. Lakini sheria hiyo haigusi bima ya maisha. Ufaransa hairuhusu kabisa mtu kujipima kwa udadisi tu, na anayekiuka anaweza kutozwa faini ya euro 3,750.

Kwetu Tanzania ipo Sheria ya mwaka 2009 inayosimamia vinasaba vya binadamu, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019, ambayo inaziweka taarifa za vinasaba miongoni mwa taarifa nyeti. Hata hivyo, kichupa kikishavuka mipaka, kumfuata aliyekichukua si kazi rahisi.

4. Mwanga wa imani

Zaburi ya 139 inatufundisha kwamba Mungu alitufahamu tukiwa bado tumboni mwa mama. Thamani yetu inatoka kwake, haitoki katika jibu la maabara. Kutafuta maarifa ya mwili si dhambi. Tiba ni zawadi. Wachumba wanaopima selimundu kabla ya ndoa wanafanya vema, kwa kuwa wanajiandaa kwa ukweli.

Lakini ukweli una wenyewe. Katekisimu, inapofundisha amri ya nane (2488–2492), inasema kwamba si kila ukweli ni wa kuambiwa kila mtu, na kwamba maisha ya faragha ya watu yaheshimiwe. Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa inalinda jina jema la mtu na faragha yake. Ndiyo sababu hata seminarini vipimo vya kisaikolojia huhitaji ridhaa huru ya mseminari.

5. Akija kijana parokiani

Tuchukue mfano. Kijana anakuja na kusema: "Padre, kipimo kinaonyesha mzee si baba yangu." Fanya nini?

Kwanza, msikilize bila haraka. Usimhukumu mama yake, ambaye huenda ana jeraha usilolijua. Pili, mshauri asitangaze jambo hilo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, wala asichukue hatua kabla ya jibu kuthibitishwa kwa njia halali. Tatu, mkumbushe kwamba aliyemlea, aliyemlipia ada na kukesha naye akiumwa, hakuacha kuwa baba yake siku jibu lilipofika. Mtakatifu Yosefu ni baba kwa namna hiyo. Nne, ikiwa padre aliwahi kusikia jambo hilo katika kitubio, afunge kinywa na hata uso wake usionyeshe kitu. Kanuni za 983 na 984 hazina nafasi ya "lakini".

Hitimisho

Ndugu yako akikuomba mate yako, au akikuambia anakwenda kupima, zungumzeni kwanza kama familia: tunatafuta nini? Nani atazitunza taarifa hizi? Jibu likiwa zito, tutalibeba pamoja? Mtu ana haki ya kujua, na jirani yake ana haki ya kusitiriwa. Upendo ndio unaotufundisha kuzipima haki hizo mbili.

Maswali ya kutafakari

1. Je, ridhaa ya mtu mmoja inatosha kutoa taarifa zinazogusa ukoo mzima?
2. Jumuiya yetu ndogo ndogo inawezaje kuwa mahali ambapo siri ya mtu ni salama?
3. Ningepokea jibu ambalo sikulitarajia, ningemwendea nani kwanza?