Kompyuta Mbili, Nyumba Moja, na Folda Isiyofunguka

Kwetu kompyuta ya mezani iko sebuleni, na ndani yake zimo picha za harusi ya dada, hati za kiwanja na video za watoto tangu walipokuwa wakitambaa. Laptopu hukaa chumbani. Jumamosi moja nilihitaji hati ya kiwanja upesi. Nikafungua folda ya sebuleni kama siku zote, nikajibiwa kwamba Windows haiwezi kuifikia, na chini yake namba 0x80070035. Jioni ile nilibadilisha mambo mengi kwa mkupuo: nikazima ngome ya kompyuta, ile iitwayo fayawoli, nikaondoa nenosiri, nikawasha huduma ya zamani ya kushirikisha faili. Folda haikufunguka, na milango yote nikawa nimeiacha wazi. Kosa lilikuwa kwenye waya uliochomekwa tundu lisilo lake.

Tangu siku ile nafuata mpangilio mmoja: kwanza anwani, kisha ngome, kisha nenosiri, mwisho ruhusa za folda. Nabadilisha jambo moja, najaribu, ndipo naenda kwa la pili. Lisiposaidia, nalirudisha lilivyokuwa.

Tuanze na anwani, maana hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Kwenye kila kompyuta bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha andika ipconfig. Tafuta mstari wa "IPv4 Address". Nyumbani namba hizo kwa kawaida huanza na 192.168. Moja ikisoma 192.168.1.5 na nyingine 192.168.1.9, hizo ni jirani na zinaweza kuzungumza. Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta hiyo haikupata anwani kutoka kwa ruta, imejipachikia yenyewe. Kagua waya au uunganishe waifai upya. Ukiona 192.168.1 huku na 192.168.8 kule, umeshapata mchawi: kompyuta zako ziko kwenye mitandao miwili.

Hutokeaje katika nyumba moja? Mara nyingi kuna kisanduku kilicholetwa na kampuni ya intaneti, halafu mwenye nyumba ananunua ruta ya pili ili waifai ifike vyumba vya nyuma. Waya kutoka kisanduku cha kwanza ukiingia tundu lililoandikwa WAN la ruta ya pili, ruta hiyo hujenga mtandao wake, umejitenga na ule wa kwanza. Dalili yake ni ya kipekee: kompyuta iliyo nyuma ya ruta ya pili huweza kuifikia iliyo mbele, lakini iliyo mbele haiwezi kurudi nyuma. Intaneti inapatikana pande zote, na ndiyo sababu watu hawaishuku ruta. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta ya pili na kuchagua ifanye kazi kama "access point". Kama haina chaguo hilo, ipe anwani isiyogongana na ya ruta ya kwanza, zima DHCP, yaani kazi yake ya kugawa anwani, kisha hamishia waya kwenye mojawapo ya matundu ya LAN. Fuata mpangilio huohuo. Ukitanguliza waya, ruta mbili zitagawa anwani kwa wakati mmoja na nyumba nzima itavurugika.

Kagua pia kama kompyuta moja imejiunga na waifai ya wageni. Ruta nyingi huwazuia wageni wasionane na vifaa vya mwenye nyumba, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Na kama laptopu inakula bando la simu huku ya sebuleni ikitumia intaneti ya nyumbani, hazitaonana.

Kuna jambo ambalo wanaoishi na umeme wa kukatika wanalijua bila kulipa jina. Jana folda ilifunguka, usiku umeme ukakatika, asubuhi haifunguki. Ruta iliporudi huenda imegawa anwani upya, na njia ya mkato uliyoweka inaelekea namba ambayo sasa ni ya runinga au simu ya mtu. Ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, uifunge ile ya kompyuta yenye folda isibadilike tena.

Anwani zikiwa sawa, jaribu namba kabla ya jina. Bonyeza tena Windows na R, andika \\192.168.1.5 ukiweka namba ya kompyuta yenye folda. Namba ikifungua na jina lisifungue, faili zako ni salama. Kilichougua ni namna ya kutafuta majina tu. Vilevile, kutoiona kompyuta kwenye orodha ya "Network" si ushahidi kwamba haifikiki. Nimeona watu wakihangaikia orodha hiyo siku nzima, ilhali folda ingefunguka kwa namba mara moja. Ukiitaka orodha kweli, hakikisha kwenye kompyuta yenye folda huduma iitwayo "Function Discovery Resource Publication" inafanya kazi.

Namba nayo ikikataa, fungua PowerShell uandike: Test-NetConnection 192.168.1.5 -Port 445. Hiyo 445 ndiyo mlango ambao faili za Windows hupitia. Naipenda amri hii kuliko ping, ile ya kuuliza kama kompyuta ipo, kwa kuwa ngome inaweza kuzuia ping na bado ikaruhusu faili. Ukijibiwa "True" mwishoni, njia ni nyeupe, nenda kwenye nenosiri. Ukijibiwa "False", kwanza tazama kama kompyuta ya pili haijalala, kisha nenda kwenye ngome.

Windows huupa kila mtandao sifa: wa hadharani au wa nyumbani. Ukibadilisha ruta, huuona mtandao kuwa mpya na mara nyingi huuita wa hadharani, kama vile umeketi stendi ya basi, basi hujifungia. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao, chagua "Private network", kisha washa "File and printer sharing". Ngome usiizime. Kama una programu ya kuzuia virusi ya kampuni nyingine, au VPN, nazo zina malango yake, zikague.

Sasa nenosiri. Ile PIN ya tarakimu chache unayoingilia asubuhi haifanyi kazi kupitia mtandao. Panahitajika nenosiri la akaunti yenyewe. Akaunti isiyo na nenosiri nayo hukataliwa ikiombwa kutoka kompyuta nyingine. Njia iliyonipunguzia kazi ni kufungua akaunti ya pekee kwenye kompyuta ya sebuleni, yenye nenosiri, kwa ajili ya faili tu. Ikiwa uliwahi kubadilisha nenosiri, laptopu huenda bado inatuma lile la zamani kimyakimya: fungua "Credential Manager", futa lililohifadhiwa, uingie upya.

Ukifika hapo ukaambiwa huna ruhusa, pumua. Mtandao mzima ni mzima. Kilichobaki ni folda. Ina ruhusa za aina mbili, za kushirikisha na za usalama wa faili zenyewe, na iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda. Mpe mtumiaji wako haki pande zote mbili.

Nimeitaja huduma ya zamani niliyoiwasha. Inaitwa SMB1, na hadi leo utashauriwa uiwashe. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupenya tundu lililokuwa humo, hospitali za Uingereza zikakwama, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kiraka tangu Machi. Tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 haiiwashi tena yenyewe. Toleo la 24H2 la Windows 11, la mwaka 2024, limekaza zaidi: kwenye Pro haliingii tena kama mgeni asiye na nenosiri. Kama una diski ya mtandaoni iliyokufa baada ya sasisho hilo, iwekee mtumiaji na nenosiri. Na kama haijui lugha nyingine ila SMB1, hamisha picha zako kwa waya uipumzishe.

Kwetu sasa pana karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa ruta ya pili. Imeandikwa anwani ya kompyuta ya sebuleni, jina la akaunti ya faili, na namba ya tundu ambalo waya unapaswa kukaa. Nenosiri halimo, mke wangu analijua, nami nalijua.