Kukutana Tena na Wenzetu wa Shule

Ndugu wasomaji, huenda siku moja mtu apate habari ya kwamba wale aliosoma nao katika shule ya sekondari, miaka thelathini au arobaini iliyopita, wanataka kukusanyika tena, naye anaitwa aende. Kwanza hufurahi. Kisha usiku, akiwa kitandani, moyo wake huanza kuhesabu. Nitavaa nguo gani? Wataniuliza nafanya kazi gani, nami nitajibu nini? Yule niliyemshinda kwa alama sasa yu wapi, nami niko wapi? Kulipokucha furaha yake imekwisha kupungua nusu. Basi mwezi huu twataka kulitazama jambo hili, maana si dogo kama lionekanavyo, tena siku hizi limeenea sana katika nchi zetu.

Desturi hii imekomaa zaidi huko Marekani. Huko shule ya sekondari kwa kawaida ni shule ya mji wenyewe. Watoto hutoka nyumbani asubuhi na kurudi alasiri. Tena shule nyingi kila mwaka hupiga chapa kitabu, na ndani yake mna picha ya uso wa kila mwanafunzi anayemaliza, pamoja na jina lake. Wakimaliza hutawanyika, lakini baada ya miaka 10, tena baada ya miaka 25, tena baada ya miaka 50, wale waliobaki mjini huwaita wale waliokwenda mbali. Mlangoni kila mmoja hupewa kadi ya kubandika kifuani, yenye jina lake, na mara nyingi picha yake ya ujana iliyotolewa katika kitabu kile. Mwanamke aliyeolewa huandikiwa na jina lake la usichanani pia. Pembeni huwekwa meza yenye picha za wenzao waliokufa. Msomaji aweza kucheka akimwaza mzee mwenye kipara anayetembea na picha ya kijana kifuani pake. Asicheke upesi. Kadi ile ina hekima, nayo hekima yenyewe imepimwa.

Mwaka 1975 mtaalamu mmoja wa Marekani, Harry Bahrick, mwenye kuchunguza kazi za akili, alitoa pamoja na wenzake wawili habari za uchunguzi walioufanya kwa vitabu vile vya picha. Waliwapima watu 392 waliomaliza shule ya sekondari. Wengine walikuwa wamemaliza miezi michache tu, wengine walikuwa na miaka 47 tangu kumaliza. Waliwaonyesha picha za wenzao zilizochanganywa na picha za watu wasiowajua, wakawaambia wachague. Ikaonekana kwamba nyuso hazifutiki upesi: hata baada ya miaka 35 hivi watu walizitambua karibu kama siku ile walipoachana. Lakini walipoonyeshwa picha na kuambiwa, "Taja jina la mtu huyu," bila kusaidiwa na neno lo lote, hapo walishindwa sana, na kadiri miaka ilivyozidi ndivyo walivyozidi kushindwa. Uso hukaa; jina hutoroka. Kwa hiyo twafahamu sasa kadi ile ni ya nini.

Na sababu ya nyuso kukaa hivi ni kwamba wanafunzi huonana kila siku kwa miaka mingi, darasani, kulani, mchezoni. Bahrick huyo huyo baadaye aliwapima walimu wa chuo juu ya wanafunzi waliowafundisha kwa muda mfupi tu. Naye katika habari alizozitoa mwaka 1984 alionyesha kwamba baada ya miaka minane walimu wale walikuwa karibu na kubahatisha tu. Basi, ndugu, ukimkuta mwalimu wako wa zamani naye akakutazama kama mgeni, usikasirike. Wewe ulikuwa na mwalimu mmoja mbele yako. Yeye alikuwa na safu nyingi za vichwa.

Katika Tanzania jambo hili lina namna yake. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule nyingi za mashirika ya dini mikononi mwa Serikali, na vijana waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walipelekwa mara nyingi mikoa ya mbali, ili watoto wa nchi moja wajuane. Mtoto wa Mtwara alilala kitanda cha chini, mtoto wa Kagera alilala cha juu. Lilikuwa jambo jema. Lakini siku ya mwisho wote huondoka, wala hakuna abakiye pale kuwaita wenzake. Zaidi ya hayo, sisi hatukuwa na vitabu vya picha. Tulikuwa na picha moja ya darasa zima, nao waliokuwa na shilingi za kuinunua walikuwa wachache. Ndiyo sababu kwetu mikutano hii ilikuwa migumu sana hata zilipokuja simu za mkononi. Ndipo mmoja alipomtafuta mwenzake, na huyo mwingine, na kwa makundi ya WhatsApp darasa likakusanyika tena upya.

Sisi tuandikao haya tulimaliza kidato cha nne mwaka 1983, katika shule ya bweni ambayo hatutaitaja. Mwaka 2023, miaka arobaini ilipotimia, tuliitwa. Tulikuwa 74 tulipomaliza. Waliofika ni 31. Tulipoingia ukumbini yalitupata yale yale yaliyoandikwa katika uchunguzi ule. Tulimwona mtu mnene mwenye fimbo, na papo hapo ndani ya uso ule tukamwona kijana mwembamba aliyekuwa akipiga kengele. Tukakumbatiana kwa machozi, na jina lake hatukulipata hata baada ya chai.

Kabla ya chakula yalisomwa majina ya waliokufa. Yalikuwa kumi na tisa. Wengi walikufa kati ya mwaka 1990 na 2000, wakiwa vijana wenye watoto wadogo. Wasomaji wenye umri wetu wanajua sababu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka ule ule wa 1983, sisi tulipokuwa tukifunga masanduku yetu na kuagana, wala hatukujua neno. Twashauri kwamba jambo hili la kusoma majina lisiachwe kamwe, tena lifanywe mapema, watu wangali kimya. Mahali pengine tumeona likisukumwa hata mwisho, muziki umekwisha kuanza. Haifai.

Sasa imetupasa kueleza neno letu wenyewe, ingawa si la kujisifu. Wazee wanakumbuka jinsi miaka ile baada ya Vita vya Kagera ilivyokuwa ya shida. Sabuni haikuonekana madukani. Katika darasa letu alikuwako kijana mmoja mwenye shati moja, ambaye kwa kukosa sabuni alilifua kwa majani ya mpapai yaliyopondwa, nalo likawa na madoa ya kijani mabegani. Basi akaitwa Papai. Aliitwa hivyo kidato cha kwanza, akaitwa hivyo hata siku ya mwisho. Walimu wawili nao walimwita hivyo.

Naye alikuja mkutanoni. Alisafiri siku mbili kwa basi. Alipotokea mlangoni, ukumbi mzima ulipaza sauti, "Papai!" na watu wakacheka kwa furaha, kwa kuwa uso wake haukubadilika. Naye akatabasamu, akaketi. Baadaye aliyekuwa mwandishi wetu alipita na daftari akiandika majina kamili na namba za simu. Alipomfikia akasema, "Na wewe, ndugu yangu, jina lako nani?" Kisha akatutazama sisi tuliokaa meza ile, akingoja tumsaidie. Tulikuwa watu saba. Hakuna aliyelijua. Yule ndugu akasema kwa upole, "Andika hilo hilo. Wenzangu hawana jingine."

Jioni tulimwendea nje. Tulitaka kumwambia ya kwamba utoto una upumbavu, wala hatukumbuki hata ni nani aliyelianzisha jina lile. Akatutazama. "Ni wewe, bwana," akasema. "Kwenye tangi la maji, Jumamosi, juma la tatu tulipofika. Ulikuwa umeshika ndoo ya bati." Ndugu wasomaji, tulijitafuta ndani yetu, tusiikute Jumamosi ile, wala tangi, wala ndoo. Ilikuwa imekwisha kufutika. Kwake yeye ilikuwa kama ya jana.

Hili ndilo tunalotaka mlishike, nanyi walimu wa makanisani mlifundishe vijana wenu wangali shuleni. Aliyetenda husahau, aliyetendwa hukumbuka; na wote wawili huja katika mkutano mmoja, huyu akidhani anakwenda kucheka, yule akiwa amejikaza muda mrefu kabla ya kukubali kuja. Kwa hiyo aliyealikwa asiulize tu, "Nitaonekanaje mbele yao?" Na aulize pia, "Ni nani ambaye mimi nimemsahau?" Azitafute mapema orodha za darasa. Shule nyingi bado zina madaftari ya zamani, na mkuu wa shule akiombwa kwa adabu huruhusu yanakiliwe. Ayasome majina kwa sauti, moja moja, kama mtu anayejifunza. Sisi hatukufanya hivyo, wala sababu ya kutofanya hatuna.

Na walio watengenezaji wa mikutano hii wana wajibu wao. Mchango usipangwe kwa kipimo cha wenye magari. Twajua watu waliokaa nyumbani kwa ajili ya shilingi elfu hamsini na fulana ya rangi moja, kisha wakasingizia ugonjwa. Afadhali wali na maharage, watu wote wawepo. Anayeweza zaidi na ampe mweka hazina kwa siri, wala majina yasitangazwe kundini kwa kiasi cha fedha. Tena ile desturi ya kumsimamisha kila mmoja aseme kazi yake na cheo chake, twaona ingeachwa. Mkutanoni kwetu mmoja alipofikiwa alisema, "Mimi nalima," akaketi upesi. Naye ndiye aliyetufundisha hesabu sote usiku kwa taa ya chemli. Angeulizwa akumbuke usiku zile, angesema saa nzima, nasi tungalimsikiliza.

Tulimwomba yule ndugu msamaha pale nje gizani. Hakusema ya kuwa si kitu. Alisema, "Nimesikia." Baada ya kitambo akasema, "Lakini kidato cha tatu sabuni ilipokwisha kabisa, ulikuja kuniomba nikuonyeshe namna ya kuyaponda yale majani. Nikakuonyesha." Hilo tulilikumbuka. Tulikumbuka hata harufu yake, na jinsi alivyotuonya kwamba majani mateke hayafai, huacha rangi. Na kwamba yeye alilijua hilo kwa kupotewa na shati lake.

Asubuhi, kabla ya mabasi kuondoka, alikwenda kwa mwandishi akaliomba daftari. Akaja nalo mpaka tulipokaa, akatupa kalamu, akatutajia majina yake matatu, la kwake, la baba yake na la babu yake, nasi tukaandika mahali palipokuwa wazi. Akatutaka tusome. Tukasoma kwa sauti. Akasema herufi moja katika jina la baba yake imekosewa. Tukaifuta, tukaandika tena.