Bunda si Rundo: Istilahi za Kufuatilia Kumbukumbu katika Kiini cha Mfumo Endeshi

Utangulizi

Mwenzangu mmoja anayesomea sayansi ya tarakilishi alinijia na ujumbe uliotokea kwenye skrini yake, akaniomba nimfasirie. Nilimjibu kwamba "rundo limefurika". Akaniuliza: rundo lipi? Katika taaluma yao kuna sehemu mbili za kumbukumbu zinazotofautiana kitabia, nami nilikuwa nimezipa jina moja. Makala hii ni jaribio la kulipa deni hilo. Inanuia kueleza jinsi matumizi ya mojawapo ya sehemu hizo yanavyofuatiliwa ndani ya kiini cha Linux, na kuonyesha kwamba mwenye kuunda istilahi bila kuuelewa utendaji wa kitu hupotosha hata pale anapotumia neno sanifu.

Bunda na rundo

Rundo ni vitu vilivyotupwa pamoja bila utaratibu. Unachukua chochote, popote. Jina hilo linaifaa ile sehemu ambayo programu huomba nafasi na kuirudisha wakati wowote. Bunda lina mpango. Katika bunda la noti, ile iliyowekwa mwisho juu ndiyo inayotolewa kwanza. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi sehemu ya pili. Kitendaji kinapoita kingine, fremu mpya huwekwa juu ya bunda ikiwa na vigeu vyake pamoja na anwani ya kurejea. Kitendaji kikimaliza, fremu yake huondolewa. (Katika vichakataji vingi anwani za bunda huteremka badala ya kupanda, lakini kanuni ya wa mwisho kuingia kuwa wa kwanza kutoka haibadiliki.)

Katika Linux, programu ya kawaida aghalabu huruhusiwa bunda la hadi megabaiti 8. Kiini, yaani ile sehemu ya mfumo endeshi inayotawala maunzi, hujinyima sana. Kila uzi unaotekelezwa humo hupewa bunda dogo lisilokua. Kwa vichakataji vya biti 64 vya jamii ya x86, kipimo kilikuwa kilobaiti 8 hadi mwaka 2014, toleo la 3.15 lilipokipandisha hadi kilobaiti 16. Hata hivyo, hiyo ni sehemu moja tu kati ya 512 za zile megabaiti 8. Kilicholazimisha ongezeko hilo ni minyororo mirefu ya miito: kiini kinatafuta kumbukumbu ya ziada, kinaingia katika mfumo wa mafaili ili kuandika data, kutoka hapo kinaingia katika viendeshi vya diski, na kila hatua inaongeza fremu yake.

Bunda likifurika katika kiini, hakuna wa kuliokoa. Zamani, mwishoni mwa bunda hilohilo ndimo zilimohifadhiwa taarifa muhimu za uzi wenyewe. Bunda lililovuka mpaka lilizifuta kimyakimya, na mtambo ukaanguka baadaye mahali pengine kabisa, pasipo na kosa lolote.

Alama ya bamvua

Mbinu inayonivutia zaidi ni ile ambayo wakazi wa pwani wangeielewa bila darasa. Maji ya bamvua yakishatoka, ukuta wa bandari hubaki na alama ya mahali yalipofika. Huhitaji kuwa ulikuwapo usiku yalipojaa. Kiini nacho kinaweza kutengenezwa ili kila bunda jipya lijazwe sufuri. Uzi unapokwisha, kiini huhesabu, kuanzia ukingoni, sufuri ambazo hazijaguswa. Idadi yake ndiyo nafasi ambayo haikuwahi kutumika. Napendekeza kipimo hiki kiitwe alama ya bamvua. Kina udhaifu: kitendaji kikiandika sufuri yenyewe hapo kilipofika, alama itadanganya, kama ukuta uliooshwa.

Mbinu nyingine husoma msimbo uliokwisha kukompailiwa na kuorodhesha vitendaji vyenye fremu kubwa. Hii humfichua mapema mwandishi aliyetangaza safu ya data ya kilobaiti kadhaa ndani ya kitendaji kimoja, lakini haijui nani atamwita nani. Ipo pia ya kupima kina cha bunda kila kitendaji kinapoingiwa, na kuhifadhi mnyororo mzima uliofikia kina kikubwa kuliko vyote. Hiyo ndiyo yenye maelezo kamili, ila hupunguza kasi ya mtambo.

Ukingoni mwa bunda huwekwa namba ya mlinzi, ambayo katika hesabu ya msingi wa 16 huandikwa 57AC6E9D. Namba hiyo ikikutwa imebadilika, mpaka umevukwa. Mwanafasihi akiitazama kwa subira, akiisoma 5 kama S na 7 kama T, ataona nyuma yake maneno ya Kiingereza yenye maana ya "mwisho wa bunda". Kumbe wahandisi nao hucheza na herufi!

Tangu toleo la 4.9 la mwaka 2016, bunda katika x86 ya biti 64 linaweza kupakana na ukurasa wa ulinzi, ambao ukiguswa tu kosa huripotiwa papo hapo. Ukurasa huo hukamata aliyekwisha kuvuka. Haumwambii mtu amebakiza baiti ngapi. Alama ya bamvua bado inahitajika.

Neno lililonishinda hadi sasa ni la kitendaji kinachojiita chenyewe, ambacho ni adui mkubwa wa bunda dogo. "Urejeshi" lingefaa, lakini wanasarufi wamekwisha kulichukua kwa ajili ya o-rejeshi, na sidhani kama watakubali kuligawa.