Droo Tupu: Uanzishaji wa Jedwali la Hashi katika Lugha ya C

Mwanafunzi wa isimu anayetaka kujua kila neno limetumika mara ngapi katika riwaya nzima hawezi kuhesabu kwa vidole. Humlazimu kuiandikia tarakilishi programu, nayo programu huhitaji mahali pa kuhifadhi kila neno na idadi yake, ambapo neno litapatikana upesi bila kupekua orodha yote. Mahali hapo ni jedwali la hashi. Makala haya yanashughulikia hatua moja tu ya kuliunda katika lugha ya C, nayo ni uanzishaji, yaani kuliweka jedwali katika hali inayojulikana kabla ya neno la kwanza kuingia. Ni mistari michache sana, lakini ikirukwa, takwimu za tasnifu nzima zaweza kuwa uongo.

Tuchukue jedwali lenye droo 101. Kila herufi ina nambari yake ndani ya tarakilishi: a ni 97, i ni 105, l ni 108, m ni 109. Tukijumlisha nambari hizi, kugawa kwa 101 na kuchukua baki, maneno lima, mali, mila, lami na imla yote huangukia droo ya 15, kwani herufi zao ni zile zile. Lugha yetu ina maneno mengi ya namna hii, kwa hiyo kujumlisha tu hakutoshi. Brian Kernighan na Dennis Ritchie, katika toleo la pili la kitabu chao kuhusu C (1988), huanza na sifuri, kisha kwa kila herufi huzidisha jumla iliyopo kwa 31 na kuongeza nambari ya herufi hiyo. Kwa njia hii lima huenda droo ya 20, mali 82, mila 86, lami 16 na imla 7. Hata hivyo, msongamano haukwepeki kabisa: maji nalo huenda 20. Ndiposa maneno ya droo moja huunganishwa kama mnyororo, kila moja likielekeza kwa linalofuata, na la mwisho likielekeza kwa NULL, yaani pasipo na kitu.

Hapa ndipo uanzishaji unapohitajika:

struct nodi {
    char *neno;
    int idadi;
    struct nodi *ifuatayo;
};

struct nodi **jedwali = malloc(101 * sizeof *jedwali);
if (jedwali == NULL) exit(1);
for (i = 0; i < 101; i++)
    jedwali[i] = NULL;

Amri ya malloc hutoa nafasi tu, haiisafishi. Bila kitanzi hicho, droo ya 20 itakuwa na takataka yoyote iliyoachwa hapo, na programu itaifuata takataka hiyo ikidhani ni anwani ya neno. Kitabu nilichotaja hakina kitanzi cha namna hii, jambo lililonitatiza nilipokuwa mgeni wa lugha hii. Sababu ni kwamba jedwali lao limetangazwa kwa neno static, na C yenyewe huhakikisha kuwa vielekezi vya aina hiyo vinaanza vikiwa NULL. Anayeiga mtindo wao ndani ya fanksheni na kulisahau neno hilo moja hujitakia balaa.

Hitilafu inayoiangusha programu ina nafuu, kwa kuwa huonekana. Iliyonipata mimi ilikuwa ya kimya. Nilianzisha droo zote ipasavyo, lakini kila nilipounda nodi mpya niliongeza idadi kwa moja bila kwanza kuiweka iwe sifuri. Nilipojaribu kwa shairi fupi, majibu yalikuwa sahihi, kwani mara nyingi nafasi ambayo haijawahi kutumiwa huja ikiwa na sifuri. Nilipoingiza riwaya, programu ilianza kupewa nafasi ambazo yenyewe ilikuwa imezitumia na kuziachilia, zikiwa na mabaki ya kazi ya awali. Maneno adimu yakaonekana kuwa maarufu kuliko "na". Laiti mabaki hayo yangekuwa nambari ndogo, ningeziwasilisha takwimu zile bila shaka yoyote.

Jumla ya hashi nayo ni lazima ianze na sifuri kila neno linapokokotolewa. La sivyo, maji huweza kuhifadhiwa katika droo moja na kutafutwa katika nyingine, na neno lile lile likahesabiwa kama maneno mawili. Kitanzi cha droo, kwa upande wake, huendeshwa mara moja tu, kabla ya kufungua faili ya kwanza. Ukikirudia kwa kila sura ya riwaya, minyororo yote ya sura zilizotangulia hupotea, na nafasi zake hubaki zimeshikiliwa bila njia ya kuzifikia.