Geuza Postikadi, Usome Mgongo

SWALI: Katika sanduku la marehemu babu, hapa Tindiga, Kilosa, nimekuta postikadi ya bandari ya Unguja. Nyuma imechapwa A. C. Gomes & Co. Ni ya zamani kweli? Nibandue stempu niiuze peke yake?

JIBU: Stempu usiiguse! Ikitoka, muhuri unakatika, na tarehe inapotea nao.

Gomes walikuwa wapiga picha Wagoa wa Unguja; jina lile la nyuma ni tangazo la biashara yao. Sasa tazama kama kuna mstari unaotenganisha ujumbe na anwani. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902, Ujerumani 1905. Zamani nyuma paliandikwa anwani tu, salamu zikabanwa pembeni mwa picha. Stempu ya Zanzibar yenye bei ya anna ni ya kabla ya senti kuanza mwaka 1908.

Wengi hutaka kadi safi. Mimi naipenda zaidi iliyoandikwa na kusafiri, maana ina mwandiko wa mtu. Usiipige gundi wala plastiki ya moto. Iweke kwenye bahasha kavu, juu kabisa kabatini. Mafuriko ya Kilosa mnayajua.